Alama ya Mguu wa Bata

Baharini, 19 Machi 1944

Kwako Dada Opal,

Nakusalimu wewe, namsalimu Baba pamoja na nyonga yake, nawasalimu na kuku wako wote isipokuwa yule jogoo aliyenidonoa siku ya kuondoka. Mimi mzima. Nimekonda kidogo, lakini huku kila mtu amekonda, hata mpishi, na mpishi akikonda ujue chakula hakiliki.

Meli yetu haina jina. Ina namba tu, kama mfungwa, na hiyo namba nikiiandika luteni ataikata kwa mkasi, maana kila barua inayotoka hapa anaisoma yeye kwanza. Chini ni bapa kama sufuria. Haiyakati mawimbi, inayapanda na kuyaangukia, na siku zote za kuvuka bahari nilitapika mpaka nikamkumbuka marehemu mama. Tunabeba vifaru tumboni, tunakwenda kujipandisha ufukweni makusudi, tunafungua milango ya omo, pale mbele ya meli, tunavishusha. Kapteni mwingine akipandisha meli mchangani anafukuzwa kazi. Wetu wanamsifu!

Sasa sikiliza, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Juzi nilikuwa naipaka mafuta pampu karibu na chumba cha injini, ubavu wa kushoto. Pale kwenye mdomo wa tangi moja tupu la ubavuni nikaona kitu kimechomelewa juu ya chuma. Mistari mitatu, midogo. Mguu wa bata. Dada, nililia! Alama ya mama ile ile, aliyokuwa akiichora kwa msumari kwenye vifuniko vya chupa za matango ya siki. Nani mwingine duniani anaijua isipokuwa wewe? Meli zote zinazoshuka mto Ohio, na mimi nikapangwa kwenye hii uliyoiunga kwa mikono yako.

Nikawaambia wenzangu: hapa alipita dada yangu, hapa hapavunjiki. Sasa kila anayeingia zamu anaigusa kwanza, eti bahati. Aliyeanza ni Kowalik, rafiki yangu, Mpolandi mwembamba kama fito. Mama yake hajui kuandika, kwa hiyo hapati barua, naye hukaa karibu yangu nikisoma zako. Hapa barua ya mmoja ni ya meza nzima, inasomwa kwa sauti. Anakusalimu, anasema ukipata uzi umfumie soksi.

Chupa zenye alama ndizo zilikuwa tamu kuliko zote, au siyo? Mama alikuwa akinifungulia mimi hizo kwanza.

Mdogo wako,
Delmar


Larkin Bend, Indiana, 9 Aprili 1944, Pasaka

Kwako mdogo wangu Delmar,

Salamu zako zimefika na kuku wamezipokea. Baba hajambo, ila si sana. Asubuhi analalamika nyonga, jioni analalamika redio. Mto umejaa hadi kwenye uzio wa shamba la chini. Sukari ni ya kadi, kahawa ni ya kadi, na mhubiri leo kahubiri ufufuo saa mbili nzima kana kwamba maneno ndiyo kitu pekee kisichogawiwa kwa kadi. Kiwandani bado natoka alfajiri narudi giza. Nimechoka, Delmar. Macho yananiwasha kwa moto wa kuchomelea, nikiyafumba nauona moto bado.

Kowalik mwambie soksi naanza kesho. Aniambie urefu wa mguu.

Najua barua hii utaisoma mezani. Basi wasikie wote, ni habari ya jikoni tu.

Wewe ulikuwa na miaka saba mama alipokufa, kuna mambo hukuambiwa. Chupa zenye mguu wa bata hazikuwa tamu kuliko nyingine. Mama alipomaliza kufunga matango alizibonyeza chupa zote moja moja. Ile ambayo mfuniko haukushika vizuri aliichora alama, ili ifunguliwe mapema kabla haijaharibika na kumdhuru mtu. Wewe ulidhani unapendelewa. Tulikuacha udhani hivyo kwa sababu ulifurahi.

Nami nimerithi tabia ya mama. Kwa hiyo nakuomba, popote utakapoona chupa yenye alama hiyo, usiiguse kwa bahati wala usiisifu kwa watu. Ifungue. Ifungue kwanza kabla ya zote. Ukishafungua niandikie umekuta ngapi ndani. Mimi najua ni ngapi, na ukinitajia nitajua kwamba kweli umefungua.

Dada yako,
Opal


Bandarini, 20 Mei 1944

Dada,

Salamu kwako na kwa Baba. Ni mwezi wa pili sasa sijapata hata bahasha. Tumehamishwa mara tatu na nadhani barua zinatufuata nyuma kama mbwa mzee. Au umenuna? Kama ni kwa ajili ya jogoo, naomba radhi.

Hapa ni mazoezi asubuhi na mazoezi jioni. Tunapanda ufukweni, tunashuka, tunapanda tena. Sijui ni lini nilikaa kavu. Watu hawataniani tena kama zamani, wanakula na kulala na viatu.

Lakini alama yako imekuwa mtu maarufu! Sasa hata watu wa sitaha wanashuka ngazi kuja kuigusa. Chuma pale kimeanza kung'aa. Jana nilimkuta luteni mwenyewe ameweka kidole, akajifanya anakagua vumbi. Kowalik anaipa habari za asubuhi. Anasema vita ikiisha atakuja Larkin Bend kukuona, na kama hujaolewa mimi nitapata shemeji Mpolandi. Nilimwambia una ulimi mkali, akasema mama yake pia.

Andika, hata mistari miwili.

Delmar


Larkin Bend, 7 Juni 1944

Delmar,

Leo sisalimu kwa urefu. Baba yupo, mimi nipo. Jana redio ilitangaza tangu alfajiri kwamba majeshi yetu yameshuka Ufaransa, kengele za kanisa zikapigwa, kiwanda kilisimama dakika tano watu wakaomba. Mimi nilisimama katikati yao nikiwaza meli yako tu.

Hujajibu barua yangu ya Pasaka. Sijui kama ilifika, sijui kama uliielewa. Nimechoka kuzungumza matango. Liwalo na liwe, barua hii isome peke yako.

Novemba iliyopita meli ile ilikuwa inatakiwa majini kabla ya Jumamosi. Mabamba mawili ya ubavu wa kushoto hayakukutana, pengo lilikuwa la kuingia kidole. Pengo kama lile hujazwa polepole, tabaka juu ya tabaka, kazi ya siku nzima. Bwana Tackett, nyapara wetu, akaja, akatazama saa, akaniambia: "Opal, weka fimbo za kuchomelea ndani ya pengo, pitisha moto juu, lipake rangi. Wote wanafanya." Nikamwambia haitashika. Akasema, "Itashika mpaka ng'ambo. Unataka vijana wetu wakose meli?"

Niliweka. Kwa nje ni mshono mzuri, hata mkaguzi alipita akasema safi. Ndani fimbo zimelala tu kama nyasi kwenye godoro. Nilipotoka nikachomelea mguu wa bata kwenye mdomo wa tangi, nikijiambia kesho nitawahi, nitapatafuta, nitapachimba nipashone upya. Kesho yake nilipofika walikuwa wameshaitelezesha mtoni ubavu ubavu, watu wanapiga makofi.

Hiyo si bahati, mdogo wangu. Hiyo ni aibu yangu, nanyi mnaigusa.

Fungua tangi. Mwite mchomeleaji wenu, chimbeni yote, mshone upya. Kama luteni atayajua haya na kunishitaki, anishitaki. Nijibu upesi, na unitajie ngapi.

Opal


Bandarini, 2 Julai 1944

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Baba. Mimi mzima.

Barua ya Pasaka imefika. Ile chupa yako imefunguliwa. Haikuwa na neno, imeliwa na imekwisha, usihangaike tena. Hali ya hewa si mbaya. Tumevuka na kurudi mara nyingi, kwenda na vifaru na kurudi na *(hapa pamekatwa kwa mkasi, mistari minne)* na kwa hiyo usingizi ni mchache.

Mwambie Baba nyonga aikande kwa maji moto.

Delmar


Larkin Bend, 24 Julai 1944

Kwako Delmar,

Baba anakusalimu. Kaikanda nyonga kwa maji moto, kasema afadhali, kesho yake kasema heri angeachwa. Mahindi yamesimama vizuri. Jogoo wako tumemla Jumapili, alikuwa mgumu kama alivyoishi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Nimekulea mimi, Delmar. Ulipovunja taa ya Baba uliniandikia kikaratasi cha maneno sita. Ukiwa mkweli unapiga domo kurasa tatu, ukiongopa unaandika kwa ufupi na kuuliza hali ya wazee.

Nilikuuliza ngapi. Hukunijibu.

Kingine. Machi ulimtaja Kowalik. Mei ulimtaja Kowalik, na uchumba ukaniletea. Julai hayumo hata kwa salamu. Soksi zake nilizituma mwisho wa Mei, rangi ya kijivu, kwa jina lake. Juzi zimerudi. Kifurushi hakijafunguliwa, kimepigwa muhuri tu na hakuna maelezo.

Sikuombi unihurumie. Kwa muda wa miezi mitatu nimekuwa nikitoka kiwandani nikitembea kando ya mto hadi nyumbani, na kila meli inayoshuka naitazama nyuma mpaka ipinde kona. Sili vizuri. Nikijua nitabeba, nisipojua ndiyo itaniua. Ngapi, Delmar? Na Kowalik yuko wapi?

Opal


Bandarini, 3 Septemba 1944

Dada Opal,

Barua hii haipiti kwa luteni. Anaileta mkononi mwenzetu aliyekatwa mguu, anarudishwa nyumbani, na kijiji chao si mbali na kwetu. Mpe kahawa, hata kama kadi imekwisha.

Fimbo zilikuwa nne. Tatu nilizitoa mimi kwa mkono wangu. Ya nne ilikuwa imeshatoka yenyewe.

Najua ungependa niishie hapo, lakini umesema nikiongopa naandika kwa ufupi. Basi kaa chini.

Ilikuwa tarehe kumi na moja Juni, saa nane mchana. Tulikuwa tunarudi kutoka ufukweni. Kwenda tunabeba vifaru, kurudi kwenye sitaha ile ile tunawalaza majeruhi, machela kwa machela, kuta zote mbili mpaka juu. Siku ile walikuwa zaidi ya mia mbili, na madaktari wanawapasua kwenye meza yetu ya chakula. Bahari ilichafuka. Sufuria yetu ikapigwa chini mara moja vibaya sana, nikasikia sauti kama turubai linachanika. Baada ya muda maji yakaonekana chumba cha injini, yakichuruzika kwenye tundu za nyaya, na meli ikaanza kuinama kushoto.

Tukatafuta yanakotoka. Luteni akauliza, "Na lile tangi la kushoto, lenye alama?" Mimi nikamjibu, Dada. Mimi, kwa kinywa changu: "Hapo usijisumbue bwana, hapo ni kazi ya dada yangu." Watu wakacheka hata katika ile hofu. Wakaniamini. Saa nzima tulifungua mabomba, tukakagua vali, tukang'oa mbao za sakafu. Saa nzima. Maji yalipofika magotini na taa za madaktari zikaanza kufifia, ndipo tukafungua pale. Lilikuwa limejaa.

Pampu zikayapunguza maji humo hadi kimo cha kifua. Ilitakiwa mtu aingie na kabari za mbao na godoro azibe ufa kwa ndani, na mdomo wa tangi ni mwembamba, sisi wengine hatupiti. Kowalik akavua shati. Aliigusa alama kwanza, kama kawaida yake. Akaniambia, "Dada yako nitamdai jozi mbili za soksi," akaingia.

Alikaa humo saa mbili. Maji ya bahari ile hata mwezi wa sita yanauma mfupa. Tulikuwa tunampa kabari kwa mkono, anazipigilia, tunasikia nyundo. Mwishoni nyundo ilikuwa inakuja mara moja moja. Alipaziba, Dada. Meli ilisimama sawa, taa zikarudi, majeruhi wote tuliwafikisha bandarini, hakuna aliyekufa kwa ajili ya maji. Tulipomvuta Kowalik alikuwa wa buluu na hasemi. Mapafu yakamjaa. Alikufa hospitali siku ya tatu, nikiwa zamu, sikuwepo.

Barua yako ya Pasaka ilifika tarehe kumi na sita. Niliianza mezani kwa sauti kama desturi, kiti chake kitupu ubavuni kwangu. Nilipofika kwenye vifuniko vya mama nikanyamaza. Wakasema, soma! Nikawaambia mwandiko haueleweki.

Kesho yake nilikwenda na mchomeleaji wetu tukachimba mshono wote. Fimbo tatu zilitoka safi, hazijashika popote; ya nne iliacha nafasi tupu pale maji yalipoingilia. Aliziangalia, akaniangalia, akawasha tena moto wake. Tulishona upya siku mbili. Barua yako ya Juni ilifika baadaye, tumeshamaliza. Alama sikuifuta. Watu bado wanaigusa, na sijawaambia.

Sikukuandikia kwa sababu wewe ungesema ni wewe uliyemuua. Nami ningelazimika kusema ni mimi niliyewapotezea saa nzima. Nimechoka kiasi kwamba sijui tena nani kati yetu. Kama ulifanya makosa, ulinionya. Mimi nilijisifu. Mama yake nilimwandikia kwamba alikufa shujaa, na hilo ni kweli, namshukuru Mungu kuna kitu kimoja cha kweli nilichoweza kumwandikia.

Usimwambie Baba.

Delmar


Larkin Bend, 1 Oktoba 1944

Kwako mdogo wangu,

Salamu kutoka kwangu na kwa Baba. Mwenzenu alifika Jumanne kwa gari la maziwa. Alikunywa kahawa vikombe viwili, akala mkate wa mahindi, akaitazama picha yako muda mrefu akasema umezeeka. Maboga yameiva. Baridi inaanza.

Nne. Ndizo.

Baba nimemwambia. Nisamehe, ila nyumba hii ni ndogo, naye alinikuta sakafuni jikoni na barua yako mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunilaumu wala hakunifariji. Akauliza, "Baada ya ile, umefanya hivyo tena?"

Hilo hukuniuliza wewe, Delmar, kwa huruma au kwa kuchoka. Ndiyo. Kila Bwana Tackett alipotazama saa. Meli kumi na moja tangu ile yako. Nyingine kidogo, nyingine zaidi, na kila mara nilijiambia kesho. Ulipoandika Machi kwamba umeuona mguu wa bata, nilikuogopea wewe tu. Nilikuandikia wewe tu. Kumi na moja nyingine, kila moja ina kaka wa mtu ndani yake, na mimi nilikuwa nafuma soksi.

Ijumaa sikwenda zamu. Nilivaa gauni la kanisani nikaenda ofisi ya mkaguzi wa jeshi la majini mjini. Baba akachukua kofia yake akatembea nami njia nzima na ile nyonga. Ofisa ni kijana wa umri wako. Nilipoanza alinikatiza: "Mama, unaelewa unachokisema? Unaelewa kinachoweza kukupata?" Nikamwambia naelewa kuliko yeye. Nikamtajia namba zote kumi na mbili, na yako ikiwemo, na jina langu. La Tackett nalo nilimtajia. Ya wenzangu sikuyataja. Aliandika mpaka wino ukamwisha akaazima kalamu nyingine.

Jumamosi nilifukuzwa. Wanawake niliokula nao chakula cha mchana miaka miwili walinigeuzia mgongo getini, na mmoja akatema mate. Tarehe kumi na mbili Oktoba naitwa tena. Sijui ni jela au ni nini. Baba anasema kuku atalisha yeye.

Soksi za Kowalik nimempelekea mama yake pamoja na barua. Sijui ni nani atamsomea. Nimemwandikia ukweli wote, wa kwangu, wako nimeuacha.

Jambo moja nilisahau. Yule kijana alipomaliza kuandika aliinua uso akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Meli kumi na mbili, Mama, na ziko bahari mbili. Kila moja ina mishono ya maili nyingi. Tutajuaje pa kutafuta?"

Nikachukua kalamu yake, nikamchorea mistari mitatu kwenye karatasi. Nikamwambia watume habari kwa kila meli, watafute mguu wa bata niliouacha kwenye midomo ya matangi. Wakiuona, wafungue hapo kwanza.

Dada yako,
Opal